Tochi nyeupe zitoke kwenye safari za usiku za hifadhi zetu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu na naomba msinikatie barua hata ikiwa ndefu, kwa sababu hili jambo nimekaa nalo muda na hapa Uganda sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna mahali pengi pa kusemea mambo yetu. Nataka kuongea juu ya tochi. Zile tochi kubwa za kumulika wanyama usiku ndani ya hifadhi, spotilaiti, pamoja na tochi za simu na flashi za kamera ambazo kila abiria anakuja nazo mfukoni. Mimi ni dereva wa watalii, nakaa upande wa Mbarara, gari yangu inaingia Lake Mburo kuliko hifadhi nyingine yoyote, halafu Queen Elizabeth, na mara moja moja Kibale na Kidepo. Ninachosema ni hiki: taa nyeupe isiruhusiwe tena kumulika mnyama usiku, kila gari iwe na tochi moja tu yenye filta nyekundu, na hiyo tochi ikae mkononi mwa renja siyo mkononi mwa mgeni. Iandikwe kabisa iwe sheria ya geti, kama vile ilivyo sheria kwamba huwezi kuzunguka hifadhini peke yako jua likishazama.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kwenda, inavyokuwa ni hivi. Mchana unaweza kuzunguka na gari yako mwenyewe ukitaka, lakini ikikaribia saa moja jioni unatakiwa uwe umeshatoka ama umefika kwenye loji au kempu yako. Safari ya usiku ni kitu kingine, unailipia kando, unapewa renja wa UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na bunduki yake, mnatoka kama saa moja mnarudi saa tatu au saa nne. Queen Elizabeth zipo, Kidepo zipo, kule Semliki kwenye hifadhi ya Toro zipo, na Kibale kuna ya kutembea kwa miguu msituni kuanzia pale Kanyanchu. Lakini Mburo ndiyo imejulikana zaidi kwa hii kazi na sababu inaeleweka, siyo hifadhi kubwa, ndovu hakuna kabisa kwa hiyo hakuna mama ndovu wa kukutokea kwenye kona gizani akiwa na mtoto, halafu haiko mbali na barabara kuu ya Masaka kwenda Mbarara, mtu anaondoka Kampala asubuhi na usiku huo huo yuko ndani ya gari anatafuta komba kwenye migunga.

Na chui. Mburo watu wanakuja kwa ajili ya chui, tusidanganyane. Lakini wengi hawajui kwa nini chui yupo pale na simba hayupo kama zamani. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1983, wakaaji wakafukuzwa kwenye ardhi yao bila kuulizwa, na serikali ile ilipoanguka 1985 watu wakarudi na hasira yao, wanyama wengi wakauawa makusudi ili eneo lisiwe na sababu ya kuitwa hifadhi tena. Simba wenyewe walimalizwa, wafugaji walikuwa wameshachoka nao kwa sababu ya ng'ombe. Chui akabaki. Chui anatembea peke yake, anatembea usiku, mchana amelala juu ya tawi ama ndani ya kichaka cha mawe na unaweza kupita chini yake na ng'ombe wako wote usijue. Giza ndilo lililomwokoa. Sasa leo tunamfuata na tochi ya kuona mwisho wa bonde, hiyo kinga yake tunaivua sisi wenyewe na tunalipisha watu pesa kuja kuangalia.

Ngoja niseme kidogo kuhusu macho maana hapa ndipo watu wanapobisha bila kujua. Mnyama wa usiku, wengi wao, nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, mwanga mdogo wa nyota unaingia, unagonga ule utando, unarudi, jicho linaupata mara ya pili. Ndiyo maana ukimulika unaona vitone viwili vinawaka kichakani, siyo kwamba mnyama ana taa, ni taa yako mwenyewe inakurudia. Jicho la namna hiyo limeumbwa kwa mwanga wa mwezi na nyota, wewe unalipiga na spotilaiti, unategemea nini? Hata sisi binadamu ambao utando huo hatuna, dereva yeyote anayesafiri usiku barabara ya Masaka anajua lori likikupiga taa full unavyobaki kipofu katikati ya barabara, na macho yetu yanahitaji kama nusu saa hivi kuzoea giza vizuri tena. Na lori angalau linapita. Spotilaiti ya watalii haipiti, inakaa pale pale machoni mpaka kila mtu kwenye gari ameridhika na picha yake, halafu gari la nyuma nalo linataka zamu.

Taa nyekundu ni tofauti kwa sababu wanyama wengi wa usiku hawaioni vizuri rangi nyekundu, kwao inakuwa hafifu sana, ile sehemu ya jicho inayofanya kazi gizani haiguswi nayo sana, kwa hiyo mnyama anaendelea na shughuli zake. Anakula, anachimba, anamlamba mtoto. Si ndicho mgeni alichotoka Ulaya kuja kuona? Na kuna faida nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote, macho ya watu ndani ya gari nayo yanabaki yamezoea giza. Ukiwa na taa nyeupe unaona duara moja lenye mwanga na pembeni yake ni ukuta mweusi. Ukiwa na nyekundu, ukizima injini, ukakaa kimya, baada ya muda unaanza kuona vitu ambavyo tochi haijavigusa kabisa, mgongo wa kilima, nyati amelala chini, kiboko anavuka nyasi huku anatafuna. Kiboko mchana ni masikio na pua juu ya maji basi, usiku ndiyo unamwona mzima, anatoka kwa sababu ngozi yake haiwezi jua, anatembea mbali na maji na anakula nyasi kama kilo 40 kwa usiku mmoja. Kule Mweya, Queen Elizabeth, wanafika mpaka kwenye nyumba za watu.

Sasa niongee juu ya wadogo, maana hawa ndio wanaoumia zaidi na ndio ambao hakuna mtu anawatetea. Chukua komba. Kila mtu aliyelala kijijini amesikia komba analia usiku kama mtoto mchanga na watoto wetu wengi wameogopeshwa na ile sauti, lakini ni wangapi wamemwona? Ni kanyama kadogo, macho makubwa, masikio anaweza kuyakunja kama karatasi akipita kwenye miiba yasichanike, anaramba utomvu wa mgunga na kukamata wadudu wakiwa wanaruka, anajipaka mkojo mikononi na miguuni, na ana uwezo wa kuruka mita mbili kwenda juu kwa mruko mmoja. Mtoto anambeba mdomoni. Macho yake hayazunguki sana ndani ya kichwa, kwa hiyo anageuza kichwa kizima kama bundi akitaka kuangalia pembeni. Huyu mnyama maisha yake yote yanategemea kupima umbali wa tawi kwenye giza. Ukimpiga taa nyeupe usoni anaganda, au anaruka hivyo hivyo bila kuona. Nimemwona akikosa tawi na kuanguka, na chini pale kuna fisi na kuna kanu, siyo mahali pa komba kuwa. Watu kwenye gari walicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Kanu naye ni wa kuangalia kwa utaratibu, yule mwenye madoa na mkia mrefu wenye pete, ukimkuta kwenye tawi na taa nyekundu atakuangalia kidogo halafu ataendelea kushuka polepole kichwa kikiwa chini. Nguchiro wa mkia mweupe anakata barabara mbio, mkia ndiyo unaona kwanza. Nungunungu. Fungo. Bundi mkubwa yule ambaye akifumba macho kope zake ni za pinki, wageni huwa hawaamini mpaka wamuone. Ndege wale wanaolala katikati ya barabara ya vumbi na kuruka dakika ya mwisho tairi likifika, na hapo dereva ndiye wa kulaumiwa akimkanyaga kwa sababu hakuna haraka ya kwenda popote. Muhanga, yule mchimba mashimo anayekula mchwa, sijui niseme nini, muhanga ni bahati, kuna marenja wamefanya kazi miaka na bado wanamhesabu kwa vidole, lakini mashimo yake yapo kila mahali na ngiri, nungunungu na wengine wengi wanaishi humo, bila yeye wangekosa makao. Kidepo kule bonde la Narus ni habari nyingine kabisa, kuna simbamangu, kuna mbweha wa masikio makubwa, kuna yule fisi mdogo ambaye hali nyama, anakula mchwa tu. Kibale msituni unatembea na tochi unamtafuta poto, huyo ni ndugu wa komba lakini haruki, anashika tawi na kusogea taratibu mno, akiogopa anainamisha kichwa na kukuonyesha shingo yake yenye vinundu vya mifupa. Mnyama ambaye kinga yake ni kutulia kimya, halafu mnasimama chini yake watu wengi na tochi nyeupe, atakimbilia wapi?

Na wanyama wa mchana je? Hapa kuna sheria ambayo marenja wazuri wanaijua na wanaifuata, kwamba swala, punda milia, pofu yule swala mkubwa, hawa huwamuliki kabisa usiku. Ukikuta macho yao unapitisha tochi haraka unaiondoa. Mburo swala pala wamejaa, na mtu mgeni kwenye hii kazi anafikiri si vibaya kuwamulika wakati wanamngoja chui. Lakini swala aliyepigwa taa anabaki kipofu kwa muda na chui anayemnyemelea hapo karibu anapata nyama ya bure ambayo asingeipata. Kinyume chake pia. Desemba iliyopita tulimkuta chui jike ameshalala kwenye nyasi anasogea kwa tumbo kuelekea kundi la swala, upepo mzuri, kila kitu kizuri, na sisi tulikuwa na taa nyekundu tena tumeiweka pembeni yake siyo juu yake. Ikaja gari nyingine ya loji fulani, ikawasha taa nyeupe mbili kwa pamoja. Swala wakamwona, wakapiga ile chafya yao ya kuonyana, kundi likaondoka. Chui akabaki amelala pale kwenye mwanga kama ameshikwa na polisi. Taa haikuzimwa. Walimpiga picha mpaka akainuka akaingia kichakani, na kesho yake ile video ilikuwa inazunguka kwenye magrupu ya watsap ya madereva na watu wanaweka vidole gumba juu. Yule jike nilimjua, alikuwa na watoto. Usiku ule walilala njaa kwa sababu ya video.

Halafu kuna jambo ambalo nataka lisomwe polepole. Mtu anayeishi karibu na hifadhi yoyote ya Uganda anajua jangili wa usiku anawindaje. Anaenda na tochi kali na mbwa, au tochi na mkuki. Anammulika nsya, yule swala mdogo wa vichakani, machoni, nsya anaganda, anamfuata huku taa haijatoka usoni, anampiga. Ndiyo ujanja wote. Tuna Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ambayo kwa wanyama walio hatarini inaweza kumfunga mtu maisha, na tunafanya vizuri kuwa nayo. Sasa kijana wa Sanga au wa Rubaya aliyekatazwa kumulika mnyama, akikaa juu ya kilima kwao usiku anaona mataa meupe yanazunguka hifadhini yanafanya kitu kile kile, yanagandisha mnyama kwa mwanga, tofauti ni kwamba mwisho wake ni kamera siyo mkuki, utamwelezaje? Mimi nimejaribu kumweleza mmoja ambaye ni mtoto wa jirani yangu na maneno yaliniishia.

Najua madereva wenzangu watasema ni rahisi kuandika barua, mgeni ndiye analipa na mgeni anataka chui. Ni kweli na hayo mambo nayaishi. Mgeni amelipa kwa dola, anaondoka kesho kwenda Bwindi kuona gorila, ana usiku mmoja tu, na bakshishi inategemea chui ameonekana ama hapana. Siyo wazungu peke yao, kuna wakati nilikuwa na familia kutoka Kampala, watu wazuri sana, baba wa familia ni mtu mzima mwenye heshima zake. Tumekaa na komba wawili kwenye taa nyekundu, yule mzee akaniambia, "Kijana wangu, washa hiyo taa kubwa, mimi nimelipa ili nione." Nikamwambia, "Mzee wangu, nikiwasha utawaona mara moja tu. Nipe dakika chache, kaa kimya na watoto, kama hujaona kitu nitawasha." Akakubali, akanung'unika kidogo lakini akakubali. Baada ya muda mmoja wa wale komba akashuka mpaka tawi la chini karibu kabisa na gari akaanza kuramba utomvu, watoto wakashikana mikono hawataki kupumua, na mzee mwenyewe ndiye aliyeanza kuwaambia wenzake nyamazeni. Hakuuliza tena habari ya taa. Ninachotaka kusema ni kwamba watu wanaelewa wakielezwa, na wanaelezwa vizuri zaidi kabla gari haijaondoka, sio pale kwenye mti wakati kila mtu ameshatoa simu. Lakini mimi peke yangu nikisema hapana na gari la nyuma linasema ndiyo, nitaonekana dereva mbaya, ndiyo maana nataka iwe sheria ya wote isiwe hiari ya dereva mmoja mmoja.

Kuna watakaosema taa nyekundu inaharibu picha. Kamera za siku hizi zinapiga gizani vizuri tu, hata simu nyingi, na picha ikiwa na wekundu kidogo siyo kitu cha kulilia, lakini hata ingekuwa inaharibu kabisa, bado. Kuna watakaosema usalama, na hili silipuuzi hata kidogo. Oktoba 2023 wageni wawili na mwongozaji wao Mganda waliuawa Queen Elizabeth, sisi wote kwenye hii kazi tulilia na wengine wetu tulikaa na magari yamepaki muda mrefu bila kazi. Renja abaki na taa yake kubwa nyeupe kwa dharura, mkikwama kwenye matope, kukiwa na nyati njiani, kukiwa na lolote la kutisha, aiwashe. Hakuna anayemnyang'anya. Ninaongelea taa ya kumwangalizia mnyama.

Tuangalie na majirani. Kenya kwenye hifadhi nyingi za taifa safari za usiku haziruhusiwi, mtu anayetaka anakwenda kwenye maeneo ya binafsi na ya jamii pembeni ya Mara ama Laikipia na huko bei ni ya matajiri. Tanzania ziko baadhi ya hifadhi, Manyara na Tarangire kwa mfano. Zambia kule South Luangwa wamefanya hivi miaka mingi na wamejijengea jina dunia nzima kwa waongozaji wao wa usiku. Sisi tumepewa ruhusa ndani ya hifadhi za taifa zenyewe, kitu ambacho wengine wanakitamani, na siku watafiti ama wakubwa wakisema wanyama wanasumbuliwa mno ruhusa itafungwa kwa barua moja tu na watakaokosa chakula ni sisi na marenja, mwenye loji atauza kitu kingine.

Na mwenye ng'ombe. Nisimsahau, maana yeye ndiye anayeishi na usiku wa kweli. Ankole hapa mtu akisema fisi hasemi mnyama wa kuvutia, anasema ndama aliyekosekana asubuhi. Nguruwe mwitu ni mihogo iliyofukuliwa. Queen Elizabeth mwaka 2018 simba 11, majike na watoto wao, walikufa kwa sumu pale upande wa Hamukungu, na 2021 wengine sita wakakutwa wamekufa Ishasha, haya mambo hayatokei hewani, yanatokea pale ambapo mnyama anajulikana kwa hasara peke yake. Sheria inasema asilimia 20 ya pesa za kiingilio irudi kwa jamii zinazozunguka hifadhi na hiyo pesa inafanya kazi, madarasa yamejengwa, lakini darasa halimwonyeshi mtoto komba. Ningependa sana shule za Kiruhura na Isingiro na Kasese zipelekwe usiku, hata mara moja kwa mwaka, gari moja, renja mmoja, taa nyekundu, kwa shilingi ambazo mzazi anaweza. Mtoto wa mfugaji akimwona fisi jike anaongoza ukoo wake, maana kwa fisi jike ndiye mkubwa, akamwona ananyonyesha mlangoni mwa shimo, ataendelea kulinda ndama wake kama kawaida, lakini hatakuwa mwepesi wa kumwaga sumu kwenye mzoga. Mtoto huyo huyo akipelekwa na taa nyeupe ataona mnyama anakodoa macho na kukimbia, atarudi nyumbani na hofu ile ile aliyoenda nayo.

Kitu kidogo kwa madereva wengine ambao siyo wa watalii, wa malori na mabasi na magari binafsi: barabara ya Karuma kwenda Pakwach inapita Murchison, ya Kasese kwenda Mbarara inapita Queen Elizabeth, na usiku pale wanyama wanavuka. Punguza mwendo, ukiona macho shusha taa, usipige full. Ukimpofusha ataganda mbele ya bampa na wewe mwenyewe unaweza kufa, kiboko siyo mbuzi.

Kwa UWA basi naomba hivi, na naandika kwa heshima kwa sababu marenja ni watu ninaowapenda na wanafanya kazi ngumu. Filta nyekundu ni kipande cha plastiki, bei yake haimshindi mtu, ziwekwe kila geti na renja atoke nayo kama anavyotoka na redio yake. Gari isiondoke mpaka renja ameongea na wageni juu ya tochi na flashi, dakika tano zinatosha. Mnyama mmoja asizungukwe na magari mengi, yakiwa mawili la tatu lingoje mbali na limezima taa. Mnyama akianza kubadilisha anachofanya, akiacha kula, akiinuka, akigeuza kichwa mara kwa mara, tochi inaondolewa na gari linasogea. Anayewinda asimulikwe kabisa hata kwa nyekundu. Dereva au loji itakayokutwa na taa nyeupe juu ya mnyama isimamishwe safari za usiku kwa msimu mzima, siyo faini, faini wataipandishia mgeni kwenye bei. Na wenye loji waache kuuza usiku kwa kuandika chui kwenye matangazo peke yake, waandike komba, waandike kanu na muhanga na bundi, mgeni aje akiwa anajua anatafuta nini.

Madereva wa Kidepo na wa Semliki nawaomba muandike kwenye gazeti hili mseme kwenu hali ikoje, maana mimi naongea zaidi kwa Mburo na Queen, na kama kuna mahali taa nyekundu imeshakuwa kawaida tuambiwe walifanyaje mpaka ikakubalika.

Wako,
Dereva wa watalii,
Mbarara, Uganda